Matumbawe ya Ghalani

Tangu Evarist arudi Mamboya kutoka Tanga, alikopika kwenye meli ya watafiti wa bahari, hadithi yake ilikuwa moja: alipiga mbizi hadi kwenye matumbawe ya kina kirefu, kule mwanga wa jua unakofika kwa shida. Msibani, kilabuni, nje ya kanisa, alizamia upya, na kila mara bahari iliongezeka kina.

Mkewe, Vaileth, akachoka. Akamwita dada yake Gaudiosa, mwalimu wa baiolojia Mikumi. Wakajifungia ghalani, wakatandaza mchanga kwenye ungo, wakapanga uyoga, kipande cha dodoki, na mabamia yaliyosimama wima. Gaudiosa akafunika tochi kwa mfuko wa buluu, wakarekodi video kwa simu huku wakizibana midomo.

Jioni Gaudiosa akamsogezea Evarist simu. "Shemeji, nimetumiwa hii. Unapajua hapa?"

"Hapo! Nilisimama hapo hapo! Hayo marefu ya kijani usiyaguse, yanauma."

"Yanauma?" Vaileth aliuliza, kang'ata upindo wa kanga.

"Yalinipata mguuni. Nililia humo humo majini."

Vaileth akaingia jikoni, akarudi na ugali, uyoga na bamia. "Karibu chakula, Baba Brightness. Ila uwe mwangalifu, yanauma hayo."

Evarist akaangalia bakuli, akaangalia simu, akarudi kwenye bakuli. Kisha akacheka mpaka akapaliwa.

"Hata kuogelea sijui," akasema alipopata pumzi. "Kamera ndiyo iliyoshuka. Mimi nilichungulia kwenye skrini, kisu cha viazi mkononi."

"Ukaona nini?" Gaudiosa aliuliza, safari hii bila utani.

Akawaambia. Matumbawe yaliyotandaa bapa kama sinia, yakikinga kile kimwanga kidogo. Sifongo kubwa kuliko pipa. Samaki mmoja akaja taratibu, akaikodolea kamera macho, na watu wote melini wakajazana kwenye skrini. Ugali ukapoa bila mtu kuugusa.

"Si ungetuambia hivyo tangu mwanzo?" Vaileth akasema.

"Nani angemsikiliza mmenya viazi?"

"Wanafunzi wangu," Gaudiosa akajibu. "Njoo Jumatatu uwasimulie."

Evarist akanyoosha mgongo. "Nitakuja, shemeji. Nitafutie tu miwani ya kuzamia, ili wanielewe vizuri."