Tarehe Ni Tarehe

Kanyere alimchukia shemeji yake Apollinaire kwa moyo wote, na wala hakumwambia padri. Tangu mume wake Kamate azikwe, huyu mdogo wa marehemu hakupata usingizi kwa sababu ya parseli yao, kiwanja chenye nyumba kule Bulengera. «Parseli ya ndugu yangu,» alikuwa akisema, utadhani matofali aliyabeba yeye.

Na balaa gani tena! Apollinaire ndiye alikuwa ajenti wa mikopo ku koperative. Ni yeye aliyemwandikia Kanyere mkopo wa kununua maharagi kule Masereka, na gage, dhamana ya mkopo, ikawa parseli ile ile. Kila tarehe ishirini na tano, mbele ya saa tisa, dirisha halijafungwa, Kanyere apeleke dola mia moja mkononi, karte yake ya mkopo ipigwe muhuri. Ukichelewa, unalipa amende, ile faini yao. Ukichelewa mara tatu, gage inauzwa.

Mara mbili alishachelewa. Mara ya kwanza lori la maharagi lilikwama ku matope siku mbili. Haya, ile ilikuwa ya Mungu. Mara ya pili alifika mapema, lakini Apollinaire aliinua noti yake juu, akaona kona imepasuka kidogo, hata ukucha haukujaa. «Hii feza hapana pita, shemeji. Tafuta ingine.» Mpaka Kanyere amalize kuwabembeleza wabadilisha feza wa barabarani, dirisha lilikuwa limefungwa. Ile haikuwa ya Mungu.

Safari hii, jioni ya tarehe ishirini na nne, noti yake ilikuwa nzima, imelala ndani ya Biblia. Ndipo radio ikatangaza: kesho Butembo ni ville morte, mji mzima ugome. Maduka yafungwe, moto zote, pikipiki za kubeba watu, zilale, ofisi zote zifungwe. Kanyere akampigia shemeji yake simu.

«Hakuna shida,» Apollinaire akasema kwa sauti laini. «Utaleta kesho kutwa. Bote banafanya vile.»

«Na amende?»

«Amende ya nini? Weye pia! Si tuko famille?»

Famille! Ndugu tangu lini? Kama angemtukana, Kanyere angemwamini. Akatoa karte, akaigeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma ambayo hakuna anayeyasomaga. Tarehe ni tarehe. Tawi likifungwa, mwanachama alipe ku tawi lingine. Tawi lingine lilikuwa Beni, na Beni hawakutangaza ville morte.

Sasa, siku ya ville morte vijana wa barabarani hawana mchezo. Moto ikipita inachomwa. Mtu mmoja tu hawamgusi: mama anayekwenda shamba, maana njaa haijui ville morte. Basi alfajiri Kanyere akavaa kikwembe kilichochakaa, kitunga mgongoni, jembe begani, na noti ndani ya kitambaa cha kichwa.

«Mama, unaenda wapi?» wakamuuliza ku kizuizi cha mawe.

«Ku shamba. Ao weye njo utalisha batoto yangu?»

Wakacheka, wakampisha. Akatembea saa mbili nzima, mpaka nje ya mji, akampata mwenye moto mmoja aliyejificha nyuma ya nyumba. Alitaka bei mara mbili. Kanyere akamlipa huku akimtukana. Barabara ya Beni si ya kuchezea. Alisali njia nzima, macho wazi.

Saa saba na nusu alisimama mbele ya Nadège, karani wa Beni, jembe bado begani. Nadège akaigeuza noti, akaigeuza tena. Kisha muhuri: pa!

«Na hii jembe, mama?»

«Ya kuzikia mutu.»

Kesho yake asubuhi, Apollinaire akafika Bulengera na kamba ya kupimia, vijiti vinne, na Salomon, mfanyabiashara wa Kirumba. Hata salamu hakutoa. Akapigilia kijiti cha kwanza.

«Jana haukulipa, shemeji. Mara tatu. Sheria ni sheria.»

«Si ulisema tuko famille?»

«Niliandika wapi?»

Kanyere akamwacha amalize vijiti vyote vinne, atoke jasho vizuri. Ndipo akaleta karte. Apollinaire aliutazama muhuri wa Beni.

«Soma tarehe,» Kanyere akamwambia. «Kwa sauti.»

Salomon aliichukua karte, akasoma mwenyewe, kisha akamgeukia Apollinaire polepole. «Na avance yangu? Dola mia tano nilitanguliza, ukazikula, ukasema parseli iko tayari.»

«Papa Salomon, unipe siku kidogo...»

Kanyere akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, na alikifurahia. «Umupe tarehe, papa. Ijumaa, saa tisa. Akichelewa, amende.»

«Na gage?» Salomon akauliza.

«Moto yake iko pale ku mulango.»

Salomon akanyoosha mkono, akangoja ufunguo mpaka akapewa. Apollinaire akashuka Bulengera kwa miguu. Vijiti vyake Kanyere aliving'oa vyote vinne, akavipikia maharagi.