Tuiweke kwa Maombi

Kinyanjui hakuwa mtu wa kusema hapana. Alikuwa ameokoka mno kwa neno fupi namna hiyo. Ukimpelekea shida yako katika kampuni yake ya kuuza ploti, kwenye ghorofa ya nane pale Westlands, alikusikiliza ameinamisha kichwa, akakushika bega, kisha akakwambia kwa upole, "Tuiweke kwa maombi." Hapo ujue umekwisha. Ochola wa mauzo aliomba kuongezwa mshahara, ukawekwa kwa maombi, na uko huko mpaka leo.

Nakhumicha wa mapokezi aliyajua hayo yote. Hata hivyo Alhamisi hiyo aligonga mlango wa bosi, kwa sababu hakuwa na namna nyingine. Mama yake alikuwa amelazwa huko Bungoma akisubiri kupasuliwa uvimbe wa tumbo siku ya Jumanne. Baba alishafariki, na mama hakujaliwa mtoto mwingine. Wauguzi walikuwa wamesema wazi kwamba ni lazima awepo mtu wa karibu wa kumwangalia mgonjwa.

"Mzee, nilikuwa naomba ruhusa ya wiki moja. Mama anafanyiwa operesheni."

Kinyanjui alifumba macho. Nakhumicha akajua.

"Dada, wiki ijayo tunapeleka wateja kuona ploti. Nani atakaa hapo mbele?"

"Ochola amesema atanishikia."

"Unajua shida yako ni gani? Unaangalia hii kitu na macho ya kibinadamu. Kwani Mungu wa Nairobi na wa Bungoma ni tofauti? Tutaomba tukiwa hapa, na mama ataguswa huko huko. Hata hiyo operesheni wanaweza kukosa sababu ya kuifanya. Tuiweke kwa maombi."

Imani ya ajabu kweli. Ilikuwa na nguvu za kuvuka Bonde la Ufa bila nauli, mradi mgonjwa awe mama wa mtu mwingine. Mwezi wa pili, mgongo ulipomshika mkewe Virginia, hakuna aliyefumba macho. Alikimbizwa kutoka nyumbani kwao Spring Valley hadi hospitali ya wenye pesa kabla chai haijapoa, na Kinyanjui akakaa naye huko wiki nzima, simu imezimwa. Maombi yalikuja baadaye, yakiwa ya shukrani, na keki juu.

Jumatatu asubuhi ilikuwa ni ibada. Kila wiki, kabla simu hazijaanza kulia, wafanyakazi walisimama duara katika chumba cha mikutano, wakaimba pambio, wakasomewa mistari miwili mitatu ya Biblia, kisha bosi akaomba. Kuomba kwake kulikuwa ni kukuonya mahali ambapo huwezi kujibu. "Bwana, wako wengine humu wamekaliwa na roho ya kuchelewa," angesema, na wote walijua kwamba Bwana anapelekewa habari za Ochola.

Jumatatu hii zamu ilikuwa ya Nakhumicha. "Bwana, tunaifunga kila roho ya kuombaomba ruhusa," alisema Kinyanjui. "Tunakukabidhi mama ya dada yetu. Na dada yetu mwenyewe umpe moyo wa kutulia kazini."

Nakhumicha alikuwa amemchukia Kinyanjui siku nyingi, lakini chinichini tu, jinsi watu wanavyowachukia mabosi. Sasa alimchukia waziwazi, macho yamefumbwa, katikati ya maombi, wala hakuona aibu.

"Dada Nakhumicha, tufungie," bosi alimalizia, sauti imejaa asali.

Sasa, Kinyanjui mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba mtu wa imani halii mbele za Mungu. Anashukuru kabla hajapokea, kana kwamba jambo limeshatendeka. Kwa njia hiyo alikuwa ameshukuru kwa gari jipya miezi mingi kabla ya kulichukua kwa mkopo. Nakhumicha akashika hapo hapo.

"Baba, asante," alianza. "Asante kwa sababu umemgusa Mzee. Asante kwa sababu amekubali niende kwa mama leo."

"Amina," waliitikia wote, na ya Kinyanjui ikatangulia, maana mdomo wake ulishazoea kuitikia bila kuuliza kinachoitikiwa.

"Asante kwa sababu amesema hatanikata mshahara."

"Amina," alisema Ochola, kwa nguvu ambayo hakuwahi kuionyesha tangu aajiriwe. Kinyanjui alikohoa.

"Na asante kwa sababu Mama Virginia alipougua ulimpa Mzee nafasi akae na yeye, kwa hivyo anaelewa. Katika jina la Yesu."

"Amina."

Kinyanjui hakungoja mtu afumbue macho. "Tuendelee mbele za Bwana," alidakia. "Bwana, tunakataa ujanja wa adui. Tunakataa roho ya uasi ndani ya hii kampuni."

Nakhumicha alifumbua macho. Wenzake walikuwa wameinama. Bosi alikuwa amekaza kope mpaka paji la uso limejikunja, kwa sababu ni yeye aliyewahubiria kwamba kufumbua macho watu wakiomba ni kumfungulia shetani mlango. Nakhumicha akachukua mkoba wake, akaufungua mlango wa kawaida, ule wa chumba. Ulipolia, sauti ya Kinyanjui ilipanda na kumfuata kwenye korido. "Mzuie, Bwana. Mzuie adui." Lakini macho hakuyafumbua. Angeyafumbua angebaki mwajiri tu anayegombana na mtu wa mapokezi, na hilo asingelivumilia mbele ya watu. Lifti ilipokuja, alikuwa bado anaomba.

Huko chini barabarani Nakhumicha alicheka peke yake. Alikuwa bado anacheka simu ilipoita. Ni mama, akiwa kitandani hospitalini, sauti imefifia.

"Uliniambia leo mnaomba huko kazini. Mmeniombea?"

"Tumeomba, mayi. Na niko njiani nakuja."

"Wewe ulimwambia Mungu nini?"

Nakhumicha aliyapekua maneno yake yote, hakupata hata moja la kumtakia mama uzima. Wala halikuwa jambo la asubuhi hiyo tu. Tangu Alhamisi, kila alipopiga magoti kando ya kitanda chake, alikuwa akitunga majibu ya kumpa Kinyanjui, na kulala akiwa ameridhika kwamba amesali. Aliona aibu, aibu ya kweli.

"Usikate simu, mayi," alisema. "Ngoja nikuombee sasa."

Alisogea kando kuwapisha wapita njia, akafumba macho. Aliyemjia kwanza alikuwa Kinyanjui, na ilimbidi amngoje aondoke.