Picha Thelathini na Sita za Kidudu Kimoja

Kitu cha kwanza msichana alichokiona ni vidoa vyeusi, vidogo kuliko vumbi la pilipili manga, upande wa chini wa jani la mche wa hoho. Vilikuwa vimetapakaa juu ya baka la rangi ya fedha. Akageuza jani la pili, la tatu. Yote yalikuwa hivyo hivyo. Halafu kitu chembamba kama kipande cha uzi, cha rangi ya majani makavu, kikatembea.

Alikuwa bado amechutama pale msimamizi wa bustani ya miche alipofika. Wafanyakazi walimwita Miwani, kwa sababu miwani yake ilikaa juu ya paji la uso tangu asubuhi hadi jioni, na hakuna aliyewahi kuiona ikishuka machoni.

"Haya, Bubu," alisema, akiutazama mche kwa mbali, wima kama mlingoti. "Umeniunguzia kitalu kizima. Mbolea umemwaga kama unalisha ng'ombe."

Msichana alitikisa kichwa.

"Unakataa kwa kichwa? Mdomo umeuacha nyumbani?" Wenzake wawili wakacheka. "Kesho kutwa saa nne mwenye bustani anarudi kutoka safari. Miche itang'olewa, na wewe utaifuata."

Miaka mitatu mbolea aliipima kwa kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja kwa ndoo, hakuzidisha hata siku moja. Alishika mpira wa maji akamwagilia kwa hasira mpaka njia ikawa tope.

Kaka yake alikuwa mpiga picha wa harusi na mahafali. Mara nyingi alikuwa amemshikia taa, akijifunza kwa macho. Jioni hiyo alimwomba kamera.

"Ukampige nani?"

"Mdudu."

"Kumbe mdudu anaoa na sijaalikwa!"

Hakucheka. Kwenye simu alikuwa amemwona mtu akipiga picha sisimizi mpaka akaonekana mkubwa kama ng'ombe. Lenzi ile ile ya kawaida ilikuwa imegeuzwa nyuma mbele, ikashikizwa kwa pete ya chuma, na kaka yake alikuwa na pete kama hiyo ndani ya kopo la skrubu. Tatizo ni kwamba ukimkaribia mdudu namna hiyo, sehemu inayoonekana vizuri inakuwa nyembamba kama karatasi. Ukipata jicho, bawa linazama kwenye ukungu. Kwa hiyo mtu yule alipiga picha nyingi, kila mara kamera ikisogea mbele unywele mmoja, kisha kompyuta ikachukua kipande safi cha kila picha na kuviunganisha vyote kuwa picha moja.

Ili kamera isogee unywele mmoja mmoja, msichana aliifunga juu ya reli za droo ya kabati bovu, na nyuma yake akaweka skrubu ndefu ya kuisukuma.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amelala kifudifudi kitaluni. Upepo ulikuwa haujaamka na kidudu kilikuwa kimezizima kwa baridi. Jani alilishikiza kwenye kijiti kwa kibanio cha nguo cha kijani. Mara ya kwanza alipumua, jani likatikisika. Mara ya pili kiwiko kiliteleza. Mara ya tatu alibana pumzi: zungusha skrubu robo, iache kamera ipige yenyewe, zungusha robo. Picha thelathini na sita. Aliiwahisha kamera nyumbani, kwa kuwa kaka yake alikuwa na mahafali, akamwambia picha zake zimo ndani, akakimbilia kazini.

Jioni kaka yake alimpokea kwa tabasamu. "Nimekusafishia kadi, mdogo wangu. Ilijaa ukungu mtupu, takataka thelathini na tano. Nimekuachia moja, angalau hiyo ina jicho."

Kadi ilikuwa imeshajaa watu wenye majoho.

Katika takataka zile moja ilikuwa na mguu, moja ilikuwa na manyoya ya bawa, moja ilikuwa na mdomo unaofyonza jani. Amezitazama moja moja akasema hazina kitu!

"Ungeniuliza," alisema, kwa sauti ndogo.

"Nikuulize? Picha yenye ukungu ni mbovu. Kazi yangu hii naijua."

Alichukua kamera kutoka mikononi mwake bila kuomba. "Kesho uje na kompyuta. Na usifute hata moja."

Kaka yake hakuwahi kuagizwa na mtu huyu hata chumvi.

Asubuhi iliyofuata upepo uliamka mapema, na Miwani pia. Alikuwa ameanza kung'oa miche upande wa lango, akiitupa kwenye toroli huku akipiga mluzi. Msichana alikwenda mstari wa mwisho. Mwavuli ukakinga upepo upande mmoja, mgongo wake upande wa pili. Kila mche uliotua kwenye toroli aliusikia. Alizungusha skrubu meno yakiwa yameumana, na hasira, ajabu, ikamtuliza mkono.

Kaka yake alikalia ndoo iliyopinduliwa, kompyuta mapajani. Programu ilipomaliza kuunganisha, kidudu kilitokea kizima, tangu pembe mpaka mkia, mabawa kama unyoya wa kuku, na mdomo umezama ndani ya jani.

"Kumbe," alisema kaka yake.

Saa nne mama mwenye bustani alifika, viatu vya safari bado miguuni. Aliinama akaitazama picha.

"Bosi, hiyo kaitoa mtandaoni," Miwani alidakia. "Vijana wa siku hizi, hata simba watakwambia wamempiga picha jikoni."

Msichana alizifungua zile picha thelathini na sita za asubuhi hiyo, moja baada ya nyingine. Ukungu, na ndani yake mguu. Ukungu, na ndani yake bawa. Na pembeni ya kila moja, doa la kijani la kibanio ambacho bado kilikuwa kwenye mche mbele yao.

"Sasa wewe ulisema mbolea," mama alimgeukia msimamizi.

"Nilikagua kila jani, bosi. Jani kwa jani. Hakuna mdudu hapa, hilo ni vumbi."

Jani kwa jani! Miaka mitatu msichana huyu alikuwa na neno moja analomeza kila asubuhi, tangu siku ya kwanza alipoingia pale langoni. Safari hii halikumezeka.

"Shusha miwani, mzee," alisema, na sauti ikatoka kubwa kiasi kwamba walioko langoni waligeuka. "Ishushe machoni, piga magoti, geuza jani."