Mama Mdogo

Debora alipofariki kwa uzazi, mdogo wake Fausta aliacha kuchuma chai kwao Dindira, akashuka Hale na begi moja kumlea mtoto. Mtoto huyo, Penina, alipoanza kusema alimwita Fausta mama mdogo, kama ilivyo ada, kwani mdogo wake mama ndiye mama mdogo. Fausta alilala chumba cha uani, nyumbani kwa shemeji yake Abraham, fundi wa kituo cha umeme, na kwa muda mrefu hakuna aliyeona ubaya.

Kisha majirani wakaanza kulitamka neno lile kwa sauti nyingine. Dukani walimwuliza mama mdogo wa kwa Abraham anapika nini leo, huku wakitupiana macho. Fausta alielewa. Mama mdogo ni pia mke ambaye baba humleta baada ya mama.

Haukupita muda, mama yake Abraham akaja kutoka Korogwe. Kumbe alikuwa ameshapanda Dindira kupeleka posa, na baba yake Fausta ameitikia bila kumwuliza bintiye. Yule mama alimweleza Fausta hayo mezani, kwa upole.

"Hutapungukiwa kitu, mwanangu. Hata jina halibadiliki. Mtoto atakuita mama mdogo vile vile."

Fausta alimtazama Abraham, akingoja aseme lolote. Abraham alikuwa akichambua miiba ya samaki, macho kwenye sahani.

"Mama, mimi nilimfuata mtoto wa dada yangu," akasema. "Shemeji atabaki shemeji."

Yule mama hakugomba. Alisema tu kwamba, kama ni hivyo, haifai msichana kukaa nyumba moja na mwanamume aliyefiwa na mke, kwa hiyo mjukuu atamchukua yeye. Asubuhi yake Penina akapandishwa basi la Korogwe akilia. Fausta akarudi milimani, kwa baba ambaye siku nyingi hakumwitikia hata shikamoo.

Mwaka uliofuata Abraham alioa mwalimu kutoka Segera. Fausta alikuwa haachi kwenda Korogwe kila apatapo nafasi, na safari moja alimkalisha Penina mkekani amsuke.

"Bibi amesema yule wa baba nimwite mama mdogo," akasema. "Sasa wewe nikuiteje?"

Fausta angemwambiaje mtoto kwamba neno ni moja na watu ni wawili?

Bibi alikuwa ameketi mlangoni akipukuchua mahindi. Hakuinua uso.

"Mwite mama," akasema.

Vidole vya Fausta vilipotea njia. Akaufumua msuko ule, akauanza upya.