Keria ya Huwaida

Tangu Huwaida afe, hakuna aliyekalia keria ya baiskeli ya Nabhan. Si mtu, si gunia. Nazi zake alibeba begani, jembe alilifunga kwenye usukani, na nyuma akapaacha patupu. Watu wa Chundwa wakasema majonzi yamemlevya, yatamtoka. Wasilolijua ni kwamba nyuma hapakuwa patupu. Kila akipanda, tairi la nyuma lilibonyea kama la mtu aliyepakia mwenziwe, na keria ikalia kidogo, kile kilio cha mwanamke anayejiweka sawa na kulikusanya buibui lisinaswe na mnyororo.

Hakuogopa. Mtu hamwogopi mkewe. Lililomla ni kwamba Huwaida hakuwa amepumzika, na sababu yake alidhani anaijua.

Chini ya mji ni uwanda mtupu, hauna mwinuko hata wa kumficha kuku. Wakubwa walikuja na mashine zao wakauchimba mifereji, wakauita skimu. Haki isemwe: maji yalikuja, mpunga ukasimama, matikiti yakazaa. Lakini mfereji mkuu, ule utokao visimani kuingia mashambani, waliupitisha katikati ya njia ya kwenda Mtangawanda kwenye boti, njia iliyokuwako kabla ya babu zao kuzaliwa, wakaenda zao bila kuacha hata ubao. Daraja linakuja, wakasema. Likawa linakuja.

Kisha ukafika msimu wa zinguo. Kila mwaka kabla ya kupanda, ng'ombe huzungushwa mashamba yote kuyakinga na mabaya, mashamba yakiwa mkono wa kushoto, watu wakimfuata na Yasini, mpaka arudi pale pale alipotoka. Ndipo huchinjwa. Mwaka ule kamba aliishika Bwana Idris, mwenyekiti wa kamati ya skimu. Walizunguka vizuri hadi mfereji mkuu, mji ukionekana ng'ambo, karibu kabisa. Ng'ombe akanusa tope, akagoma. Wakamsukuma, wakamvuta mkia, hakutaka. Idris akapangusa jasho, akasema Mungu anajua nia ya waja wake, na wakarudi kwa njia waliyoijia. Nyama ikaliwa. Lakini duara halikufungwa. Kipande cha ng'ambo, kati ya mfereji na mji, penye mkunazi mmoja mkubwa, kilibaki wazi kama mlango wa nyumba isiyo na mwenyewe.

Na hapo mkunazini ndipo alipofia Huwaida. Tumbo lilimshika alfajiri, katikati ya masika. Pikipiki zilikuwa zimekatazwa kupita matutani, eti zinabomoa kingo. Nabhan akampakia kwenye keria ampeleke botini, wavuke kwenda hospitali. Wakakuta mfereji umejaa hadi juu, unakwenda mbio, una rangi ya chai. Alisimama chini ya mkunazi, miguu yote miwili chini, mke mgongoni mwake, akiwaita watu wa ng'ambo. Aliita mpaka sauti ikakauka. Alipoacha kuita alihisi mikono iliyomshika kiuno imelegea.

Tangu siku hiyo hakuutia mguu mfereji ule. Alingoja daraja. Daraja likijengwa mkunazini, ng'ombe atavuka, duara litafungwa, na Huwaida atashuka. Hilo ndilo alilokuwa akiliomba kila baada ya sala, na hakumwambia mtu.

Basi iliposikika mjini kwamba ofisa wa maji amekuja kutoka bara, na kwamba mwaka huu litajengwa daraja moja tu, na kwamba ataizunguka skimu nzima kwa baiskeli ndipo aseme lijengwe wapi, Nabhan alikuwa wa kwanza mlangoni pa nyumba aliyolala mgeni.

"Mimi nitakupeleka," alisema.

Ofisa huyo aliitwa Jabez. Kijana mrefu, mpole, mwenye kofia ya kitambaa na chuma kirefu cha kupimia ardhi, alichokifunga kwenye baiskeli ya kuazima. Kesho yake angeondoka na boti.

"Mzee Nabhan, si tuanzie pale kwa mkunazi?" aliuliza walipotoka mjini. "Naona ni hapo tu."

"Pale ndipo mwisho. Mwisho hauanzwi."

"Lakini hii njia nyingine ni ndefu, na upepo tutaupata usoni."

"Ndia fupi ndiyo iliyotuponza. Fuata."

Wakaenda, mashamba kushoto. Asubuhi ilikuwa bado na umande, na yangeyange walisimama majini kama nguo zilizoanikwa. Tuta lilikuwa jembamba, upana wa mkeka wa kusalia, hapa mpunga, kule matikiti, mbele mpunga tena, na kila mfereji ulishika kipande cha mbingu. Nabhan alisoma Yasini chinichini, midomo ikicheza. Keria ililia. Jabez aliyekuwa nyuma hakuona kitu. Aliona tu mzee mkavu anayeendesha kama mwenye mzigo.

"Mzee, tairi lako lina upepo kweli? Limekaa chini."

"Lina upepo wa kutosha."

Wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga waliinua migongo yao.

"Bwana Nabhan! Huyo mgeni wako jasho lamtoka kama mtungi mpya!" aliita mmoja.

"Mpe mayi," mwingine akadakia, "asitufie hapa tukaambiwa tumemroga!"

Jabez alicheka, akawapungia kofia. Nabhan hakucheka, kwa kuwa wa kwanza kucheka angekuwa Huwaida, na kweli alihisi mgongoni mwake mtetemo mdogo, kama wa mtu aliyefunika mdomo kwa kiganja.

Jua lilipanda. Kwenye uwanda jua halina pa kukukosea. Walipita upande wa mikoko, ambako chumvi ilikuwa imekwisha kuula mpunga na kuuacha mwekundu, na Jabez akatikisa kichwa.

"Hapa walichimba karibu sana na bahari."

"Nani walichimba?"

"Waliokuwa kabla yangu. Mimi sikuwepo, mzee."

"Hakuna aliyekuwepo," Nabhan alisema. "Kila nikiuliza, aliyekuwepo amehamishwa."

Walikula mkate wa mofa na tende kwenye kivuli cha pampu, wakaendelea.

Adhuhuri ilikuwa imepita walipofika shamba la Bwana Idris. Mwenyekiti alikuwa akiwangoja, kanzu safi, madafu yamekwisha kuchongwa.

"Ndoo, ndoo, karibu, ofisa! Bwana Nabhan, leo umekuwa dereva wa serikali?"

"Afadhali dereva. Kuna walioshika kamba wakashindwa na ng'ombe."

Idris alitabasamu kwa meno peke yake. "Bado wayaweka hayo? Ng'ombe alikataa kuvuka. Ningembeba?"

"Ng'ombe hana akili. Wewe wayo?"

"Mwaka huu atavuka, inshallah. Atavuka hapa." Idris akaonyesha mfereji mkuu, uliopita pembeni ya shamba lake. "Ofisa, pima. Hapa ni mwamba."

"Ukivuka hapa," Nabhan alisema, "umekata ndani. Pembe yote ya mkunazi yabaki nje. Hilo si zinguo, ni matembezi."

Jabez hakuelewa habari za ng'ombe. Alichomeka chuma chake ardhini. Kiliingia kidogo kikagonga jiwe. Akachomeka tena hatua chache mbele. Jiwe.

"Ni pazuri," Jabez alisema. "Lakini nitaona na kule kwa mkunazi, kisha niamue."

Akapanda baiskeli yake, akakanyaga, na mnyororo ukakatika tap, ukalala tutani kama nyoka aliyepondwa.

"Ah! Basi imetosha," Idris alisema haraka. "Iache hapa, vijana wataileta. Mimi nitakurudisha mjini, tutakatiza mashambani. Kule mkunazini ni tope tupu, hakuna cha kuona."

Jabez alimtazama Nabhan. Kisha akaitazama keria.

Nabhan alishika usukani kwa mikono miwili. Akisema hapana, ofisa atakwenda na Idris, na kesho ataondoka, na daraja litakaa hapa. Akisema ndiyo, atakuwa amemkalisha mwanamume mgeni mahali pa mkewe, mkewe akiwapo. Alisimama hivyo mpaka Idris akaanza kukohoa.

"Panda," alisema mwishowe. Halafu, kwa sauti ya chini, si kwa Jabez: "Niwie radhi."

Jabez akachukua chuma chake, akapanda. Nabhan alijikaza kwa uzito wa wawili, akakanyaga kwa nguvu, na karibu waanguke, maana uzito ulikuwa wa mmoja. Wa kijana huyu tu. Tairi lilikuwa limebonyea vile vile lilivyobonyea tangu asubuhi, si zaidi.

Akahisi baridi katikati ya jua lile. Ameshuka. Amemshusha mwenyewe, shambani kwa Idris, mahali asipopajua. Alikanyaga huku akisikiliza. Upepo, maji, pumzi za Jabez. Alitaka kurudi na hakuweza. Duara halirudi nyuma.

Walikuwa wamekwenda mwendo mzuri Jabez aliposema, "Mzee, tusimame kidogo tumpishe yule mama."

"Mama yupi?"

"Huyu wa buibui. Anatufuata tangu kule kwa mwenyekiti. Anatembea haraka, maskini, amelishika buibui lake lisilowe. Labda anataka kupita."

Nabhan hakugeuka. Shingo yake ilikuwa kama ya jiwe. Machozi yalimtoka na upepo ukayachukua, kwa kuwa sasa alijua. Hakushushwa. Amempisha mgeni. Ndivyo alivyokuwa: mgeni akiingia, hata awe mgonjwa kitandani, Huwaida huinuka ampe mahali.

"Hana haraka," Nabhan alisema. "Anajua tuendako."

Mfereji mkuu uliwapokea alasiri. Ng'ambo ulisimama mkunazi, na nyuma yake paa za mji, karibu hata sauti za kuku zilisikika. Maji yalikuwa ya kiangazi, machache, ya kijani. Jabez alishuka, akatazama nyuma walikotoka, akakunja uso.

"Ameenda wapi sasa?"

Akakichomeka chuma ukingoni. Kiliingia. Akakisukuma, kikaingia mpaka mkono wake ukagusa tope. Alijaribu kulia, alijaribu kushoto.

"Mzee," alisema taratibu, "hapa daraja litazama. Nikilijenga hapa nitakuwa nimeua mtu."

"Mmekwisha kuua."

Na pale pale, bila kupandisha sauti, Nabhan akamweleza: masika, tumbo, mkunazi, mikono kiunoni. Jabez alivua kofia. Hakusema hakuwepo.

"Wekeni daraja lenu kwa Idris," Nabhan alimalizia. "Mkubwa hujengewa. Mdogo huvuka kwa magoti."

Ilikuwa ni matusi tu, maneno ya kumtoka mtu kifuani. Lakini yalipokwisha kutoka aliyasikia. Akautazama mfereji. Maji ya kiuno. Watu walivuka hapa kila siku, nguo kichwani, yeye peke yake ndiye aliyekaa mwaka mzima akiwangoja wakubwa wamfungulie njia.

Akavua viatu. Akakikunja kikoi chake, akaiingiza baiskeli majini. Tope lilimmeza hadi mapajani, likawa baridi kama kaburi. Lakini Yasini aliishika pale alipokuwa ameifikisha, akaendelea nayo kwa sauti. Baiskeli ilizama, ikakwama. Kisha ikanyanyuka nyuma. Jabez alikuwa ameingia na suruali yake, ameshika keria.

"Vuta, mzee. Mimi nasukuma."

Walitokea ng'ambo weusi kwa tope, wakihema. Baiskeli ilichuruzika maji kila mahali, usukani, kiti, mnyororo na vyuma vyake. Nabhan akaigeuza aifute. Kwenye keria, katikati, palikuwa na mahali pakavu, pa upana wa mtu mmoja.

Hakupafuta. Hakuipanda pia. Aliisukuma kutoka mkunazini hadi mjini, taratibu, kama anayemsukuma mgonjwa, tairi la nyuma limebonyea, Jabez akifuata na viatu vyake mkononi. Mashamba yalikuwa bado kushoto. Pale walipoanzia asubuhi, penye jiwe ambalo ng'ombe hufungwa, alisimama.

"Shuka, Bi Huwaida," alisema. "Tumefika."

Keria ililia mara moja. Tairi likainuka.

Jabez aliona kwa macho yake. Aliaga kwa kuinamisha kichwa, akaenda zake.

Nabhan alibaki na baiskeli. Alijaribu kuipanda arudi nyumbani, ikamyumbia huku na huku, nyepesi kama ya mtoto, akaanguka pembeni ya njia. Akajaribu tena. Hakuwa anajua tena kuiendesha hivi. Basi akaikokota, na kila hatua chache alipeleka mkono nyuma kuigusa keria. Pale palipokuwa pakavu palikuwa pameanza kulowa.