Vitone vya Shavuni

Bosi aliinamia meza ya kioo yenye taa chini yake, akabandika lenzi juu ya filamu ya sura yake mwenyewe, akanuna. "Vipele hivi umenitolea wapi?"

"Si vipele, bosi. Ni vitone."

Mama Filamu, fundi wa filamu katika karakana ile ya kuchapa fulana, akamweleza taratibu, kama mtu anayemnywesha mtoto dawa. Wino wa fulana haujui kufifia kidogo kidogo. Ukipita kwenye wavu wa kuchapia, umepita. Kivuli cha shavu hutengenezwa kwa vitone, vidogo penye mwanga, vinene penye giza, na jicho likikaa mbali linaviunganisha lenyewe. Ndiyo maana picha moja ilimlia siku mbili: filamu nne, kila rangi na yake, kila moja imegeuzwa kidogo ili vitone visigongane vikaleta mawimbi usoni.

Bosi hakusikia hata nusu. Karakana aliirithi kwa kaka yake mwaka jana, pamoja na kiti kinachozunguka, na tangu hapo alichojifunza ni kuzunguka. Akamuuliza mama wa watu aliishia darasa la ngapi. La nne, akajibu.

"Basi viondoe. Au nimlete shemeji yangu, ana cheti cha kompyuta."

Akaviondoa. Miaka kumi na tisa kwenye meza ile si kitu cha kuachia kwa ajili ya shavu la mtu kama yule.

Fulana zilipotoka, za kusherehekea mwaka mmoja wa utawala wake, sura ilikuwa bonge jeusi lenye meno. Pua haikuwepo. Wachapaji wakatazama viatu vyao. Ndipo karani, ambaye angeusifu hata mlango kwa kufunguka, akasema bosi karudi ujanani, mikunjo yote imekwisha. Bosi akaivaa palepale, juu ya shati na tai, akaizungusha karakana nzima kama jogoo aliyemwagiwa lami. Akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo hataki kuona kitone.

Asubuhi yake akaja mwanamke na picha ndogo kwenye bahasha. Binti yake, miaka saba, amezikwa wiki iliyopita. Anataka fulana kumi za wanafamilia. Picha nyingine hana. Mtoto alikuwa kama anataka kucheka, na kishimo cha shavu ndio kwanza kinaanza.

"Hiki kitaonekana?" akauliza, akikigusa kwa ukucha.

"Atatoka safi," bosi akasema kutoka kitini. "Kwetu hakuna madoadoa."

Mwanamke hakumtazama yeye. Alimtazama mwenye aproni.

"Kitaonekana, mwenzangu," akasema Mama Filamu.

Mgeni alipotoka, bosi akamwambia asijitie ujuaji. Kesho kutwa saa nane atapanda mwenyewe kukagua, na akikuta kitone kimoja tu, mama akusanye vyake aende.

Mama Filamu akapanda chumba cha juu, akakaa na yule mtoto siku mbili.

Siku ya tatu, saa nane kasoro, alizipanga filamu nne, moja juu ya nyingine, mpaka alama za pembeni zikakaa sawa. Akarudi nyuma hatua tatu, mgongo ukagusa ukuta, na vitone vikaungana kuwa shavu lenye kishimo. Chini, viatu vikaanza kupanda ngazi, vizito, bila haraka. Hakugeuka. Palikuwa na uzi mmoja wa vumbi kwenye pembe ya mdomo wa mtoto. Akasogea, akaupuliza polepole.