Hisa za Kitinda

Mama Puti alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na jina hilo alipewa gerejini kwa sababu hakuna aliyejua kuziba bonde la mlango kwa puti, ule udongo wa kuzibia mabati, kama yeye. Gari lililogongwa likitoka mikononi mwake, mwenyewe hulipita asilitambue. Kwa hiyo usimlaumu kama kila kitu kinachong'aa kilimtia shaka. Kung'arisha vilivyopondeka ndiyo kazi iliyokuwa ikimlisha.

Kiwanja cha marehemu baba yao kilipouzwa, ndugu watatu walikaa sebuleni kwa kaka mkubwa. Fedha ilikuwa ya mmoja tu, na hilo halikuwa na ubishi. Baba alimwachia Kitinda, mziwanda wao wa kike, aliyepoteza macho kwa maradhi akiwa na miaka ishirini na tisa. Tangu hapo alikaa miezi sita kwa kaka, sita kwa dada, na nguo zake hazikuwahi kutoka zote begini. Sasa alitaka kununua hisa za kumlisha maisha yake yote. Zikipotea, hapakuwa na kiwanja kingine.

"Benki na bima," alisema Kitinda. "Watu wataacha mengi, lakini fedha lazima wawe na pa kuiweka na pa kuikopa."

Kaka, mtu wa ofisini asiyevua tai hata Jumapili, akatandaza mezani ripoti ya benki moja, yenye jalada la kuteleza. Lilikuwa na picha ya jengo la vioo refu ajabu.

"Hapa hakuna cha kujadili," alisema. "Mwaka jana hakuna benki iliyotoa gawio kubwa kama hii. Tuweke zote, tulale usingizi."

"Kizuri chajiuza, kaka. Mbona hiki kinajitembeza?" akauliza Mama Puti.

"Wewe rudi kwenye mabati yako."

Mama Puti alimeza hasira, lakini haikushuka mbali. Kesho yake alikwenda kwa dalali wa hisa akarudi na mzigo: ripoti za kampuni sita, miaka mitatu kila moja. Kila Jumapili akaketi na mdogo wake, akamsomea kwa sauti.

Ukitaka kuujua uvivu wa mwenye macho, mpe kazi ya kumsomea asiyeona. Mama Puti alisoma barua ya mwenyekiti kwa madaha, akafika kwenye maandishi madogo ya nyuma, akarukia kurasa kumi.

"Mbona karatasi zimepita nyingi?" akauliza Kitinda.

"Ni maelezo madogo madogo tu, mdogo wangu."

"Madogo lakini yangu. Soma."

Basi akasoma yote, mpaka koo likamkauka. Kitinda hakuandika kitu. Zamani alikuwa opereta wa simu hospitalini, namba mia mbili za wodi na madaktari ziko kichwani, na kichwa kile hakikuugua.

Jumapili ya tatu walifikia benki ya jengo la vioo. Kwenye maelezo ya thelathini na nne Mama Puti alisoma kwamba mapato mengineyo yalitokana na kuuza makao makuu, ambamo benki sasa ni mpangaji tu, inalipa kodi.

"Simama hapo," alisema Kitinda. "Jengo wameliuza kiasi gani?"

Akamtajia.

"Na faida ya mwaka mzima?"

Mama Puti alitazama mara mbili. Tarakimu zilikuwa karibu sawa.

"Mikopo isiyolipika mwaka wa kwanza ilikuwa sita katika kila mia, wa pili tisa. Sasa?"

"Kumi na nne."

"Na akiba ya kufidia hasara ulisema imepunguzwa. Dada, hawa wameuza nyumba ili wagawe karamu."

"Puti!" akapiga kelele Mama Puti. "Puti tupu, hakuna bati chini yake!" Alicheka mpaka ripoti zikamwagika sakafuni. Kisha akaziokota kwa aibu, kwa sababu ukurasa kama huo ndio aliotaka kuuruka siku ile.

Walichagua benki mbili na bima moja. Benki zote mbili zilikuwa na majengo ya kutia huruma, lakini zilikopesha wenye maduka na wenye mishahara, na wakopaji wao walikuwa wakilipa. Bima aliijua Mama Puti mwenyewe. Ililipa gereji ndani ya wiki mbili, bila njoo kesho. Hata hivyo Kitinda alisomewa hesabu zake mpaka nukta ya mwisho. Dalali akaagizwa: kila gawio linunue hisa zaidi kwa miaka kumi, na hakuna kuuza mpaka Kitinda aseme kwa kinywa chake.

Kaka alinuna, akaweka akiba yake mwenyewe kwenye benki ya vioo. Miaka miwili hisa zake zilipaa, naye aliwahubiria kila mlo.

"Dada, tumekosea?" Kitinda aliuliza siku moja.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," alijibu Mama Puti. Lakini moyoni aliogopa kwamba ubishi wake ndio utakaomfunga mdogo wake kwenye lile begi milele.

Mwaka wa nne mikopo mibovu iliiangusha benki ya vioo, hisa zake zikasimamishwa sokoni, na akiba ya kaka ikaenda nayo. Mama Puti alicheka chini ya gari gerejini, kisha akaenda kumpa pole uso umekunjamana vizuri. Hofu ikaenea, na hisa za Kitinda nazo zikaporomoka.

"Uza!" kaka alisihi. "Uza kingali kipo!"

"Nisomeeni ripoti mpya," alisema Kitinda. Wakamsomea siku nzima. Mikopo ilikuwa ikilipwa, bima ilikuwa ikilipa. "Basi gawio la mwaka huu litanunua nyingi kwa bei chee. Asanteni, nimechoka."

Mwaka wa kumi gawio lilitosha kodi ya vyumba viwili, chakula, na mshahara wa msaidizi. Hakuwa ameuza hata hisa moja. Siku ya kuhamia, Mama Puti alitundika nguo zote kabatini, moja moja, huku akilia kwa furaha bila kujificha.

Mchana kaka alikuja na zawadi. Alisukuma mlango, akaingia mpaka katikati ya chumba, kama anavyoingia mtu chumbani kwa mdogo wake.

Kitinda aliinua uso. "Nani huyo?"

"Mimi, kaka yako."

"Shikamoo, kaka. Sasa toka nje, funga mlango, upige hodi."

Kaka alimtazama Mama Puti, asipate msaada. Akatoka na zawadi yake, akafunga mlango polepole.

"Hodi!"

Kitinda alinyoosha gauni kwanza, akakaa sawasawa kitini.

"Hodi hapa!" sauti ikarudia, sasa ya upole.

"Karibu," alisema Kitinda. "Karibu kwangu."